Saini Kumi na Tisa

Uliwaona, usinikatalie. Siku ile ulipokwenda kumwangalia mgonjwa wako, uliwakuta wanafunzi wa uuguzi wamekizunguka kitanda kimoja. Walikuwa arobaini, na nguo zao nyeupe zimepigwa pasi. Wa mbele waliona. Wa nyuma walitazama migongo ya wenzao. Mwanamke aliyelala pale kitandani alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Wewe ukasema moyoni, wanajifunza hao. Ukageuza uso, ukaenda zako na chupa yako ya chai.

Hukuuliza nani anawafundisha. Hukuuliza yule wa mwisho kabisa, aliyesimama dirishani, siku ile amejifunza nini. Ulikuwa na haraka. Kila mwaka una haraka. Mimi sisahau vitu hivi, na leo nakukumbusha.

Yule wa dirishani anaitwa Asmaa. Nitakusimulia habari zake kwa maneno mafupi, usije ukasema hukuelewa.

Asmaa ni binti wa Mzee Nasri wa Ubaruku. Mzee Nasri ana mashine ya kukoboa mpunga. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, akabaki. Nyumba yao iko nyuma ya mashine. Mavuno yakianza, mashine inanguruma tangu asubuhi, na pumba zinaingia hadi kwenye bakuli la mboga. Mama Asmaa, Bi Jaha, anafagia mara tatu kwa siku, na bado ukikaa kitini unainuka mweupe. Mtoto wao mkubwa, Adamu, ndiye anayeendesha mashine. Mwaka ule mke wa Adamu, Nusrat, alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Asmaa alikuwa Mbeya mjini, mwaka wa nne, anasomea shahada ya uuguzi. Hii si kozi ya mchezo. Ni miaka minne ya darasani na wodini. Baada ya hapo kuna mwaka mzima wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi. Ndipo mtu anapata leseni.

Katika masomo hayo kila mwanafunzi ana kitabu cha vitendo. Ndani yake kuna mistari. Ukifanya kazi kwa mkono wako, mkufunzi akiwa amesimama hapo anakuangalia, anatia saini kwenye mstari. Kuzalisha kulikuwa na mistari ishirini. Kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua kulikuwa na mstari mmoja.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sasa sikia ilivyokuwa.

Mkufunzi alikuwa mmoja. Wanafunzi walikuwa arobaini, wodi tatu. Basi pakazuka mazoea. Kila Ijumaa kiongozi wa darasa, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Isakwisa, alivikusanya vitabu vyote kwenye kiroba cha mchele. Kiroba chenyewe Asmaa ndiye aliyekuja nacho kutoka nyumbani. Isakwisa alikibeba begani hadi ofisini kwa mkufunzi. Saa nane mchana kilirudi, na kila kitabu kina saini. Aliyezalisha, saini. Aliyemshika mzazi mkono, saini. Aliyesimama dirishani, saini.

Mara ya kwanza Asmaa alishtuka. Alimfuata Isakwisa kwenye korido.

"Kaka Isa, mimi wiki hii sijazalisha. Nimeona tu."

"Hata kuona umeona?"

"Nimesikia."

Isakwisa akacheka. "Basi wewe umefaulu. Wenzako walikuwa kantini."

Kisha akamweleza taratibu kwamba mistari ikibaki mitupu, mwanafunzi hafanyi mtihani. Isakwisa hakuwa kijana mbaya. Hata mkufunzi hakuwa mtu mbaya. Ubaya wa namna hii hauhitaji mtu mbaya. Unahitaji kila mtu awe amechoka kidogo, na wewe uwe umegeuza uso.

Ilipofika likizo ya mwezi wa saba, kitabu cha Asmaa kilikuwa kimejaa. Watoto aliowazalisha kwa mikono yake walikuwa wawili.

Bi Jaha alikikuta kitabu alipokuwa akitoa nguo za kufua kwenye begi. Akampelekea mumewe. Mzee Nasri akavaa miwani, akakisoma kwa sauti mbele ya sahani ya chakula, huku kidole kikishuka mstari hadi mstari.

"Ishirini," akasema. "Mwanangu amezalisha watoto ishirini. Na serikali imetia saini."

Asmaa alifungua mdomo. Alitaka kusema wawili, baba, ni wawili tu. Lakini baba yake alikuwa amekishika kile kitabu kwa mikono miwili, na macho yake yamelowa. Asmaa akaufunga mdomo, akaomba apitishiwe chumvi.

Kesho yake wateja wote kwenye foleni ya mashine walikuwa wanajua. Wakulima wa mpunga walimwita daktari. Wanawake walimletea watoto wenye homa. Alipokuwa anawaambia waende kituo cha afya, Bi Jaha aliwaambia hiyo ni adabu tu, binti amefundwa kutojikweza.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa bajaji. Mkunga wa pale aliitwa Sista Verediana, Mhehe wa upande wa Tosamaganga, Mkatoliki, mtu mzima. Alikuwa na maneno makali. Mjamzito akichelewa kliniki, alimsema hadi majirani wa benchi wakaona aibu. Nusrat alimwogopa, lakini alimwamini. Verediana alikuwa amemwambia: mimba ya kwanza, uchungu ukianza tu, njoo. Nusrat alishafunga begi lake. Kanga, glovu, pamba, vyote vilikuwa ndani.

Uchungu ulianza Jumanne alfajiri. Nusrat akaomba bajaji iitwe.

"Uende kwa Verediana akakufokee," Bi Jaha alisema, "na nesi wa digrii amekaa humu ndani anachagua mchele? Watu watatuonaje? Yule ana cheti cha enzi hizo. Wetu ana ishirini."

Adamu alimtazama mama yake, akamtazama dada yake. Akasema mashine ina foleni, ila kama Asmaa yupo yeye hana wasiwasi.

Nusrat aligeuka, ameshika kiuno. "Wifi, wewe unasemaje?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Asmaa angesema tu, wifi twende kituoni, mambo yangekwisha. Lakini ili aseme hivyo ilibidi aeleze kwa nini. Na ili aeleze kwa nini, ilibidi kile kitabu kigeuke uongo mikononi mwa baba yake.

"Tutaangalia kwanza," alisema.

Maneno mawili. Waliangalia kwanza. Waliangalia mpaka saa nne asubuhi.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mzito, mzima wa viungo. Alitoka amelegea na rangi ya bluu. Hakulia.

Asmaa alimshika miguu, akamning'iniza kichwa chini, akampiga mgongoni. Alikuwa ameona mtu akifanya hivyo kwenye filamu. Bi Jaha alimnyunyizia maji baridi usoni. Asmaa akampiga tena. Kichwani mwake aliuona ule mstari wa kitabu, kumsaidia mtoto asiyepumua, na saini ya wino wa bluu juu yake. Saini ilikuwa nzuri. Haikumwambia afanye nini.

Nje mashine ilikuwa inanguruma. Adamu alipouona uso wa mama yake mlangoni, aliizima.

Kukawa kimya nyumba nzima. Nusrat akauliza kutoka kitandani, "Mbona halii?"

Bajaji ilikimbia dakika ishirini. Sista Verediana alimpokea mtoto bila kuuliza jina. Alimlaza mezani, akamkausha, akakiweka kichwa chake sawa. Akamfunika mdomo na pua kwa kifaa cha kupulizia hewa, kile wanachokiita ambu, akaanza kukiminya. Kifua cha mtoto kikapanda. Kilipanda vizuri, kikashuka, kikapanda. Aliendelea muda mrefu. Kisha akasikiliza moyo, akasikiliza tena, akatazama saa ya ukutani. Akamfunika.

Nusrat aliletwa na bajaji ya pili, akashonwa, akapona. Mtoto walimzika alasiri ile ile. Mzee Nasri alishuka kaburini mwenyewe. Kaburi lilikuwa dogo, lakini alishindwa kupanda mpaka Adamu alipompa mkono.

Mashine haikuwashwa siku saba. Magunia ya watu yalikaa uani. Nusrat alilala amegeukia ukuta, na Asmaa akiingia na uji alisema, "Weka hapo," asigeuke.

Siku ya nane Asmaa alikwenda kituoni. Verediana alikuwa anakunja mashuka.

"Kamwene," alimsalimia Kihehe, maana hakuwa na salamu nyingine iliyobaki. "Kaa, mwanangu. Umezalisha wangapi tangu uanze chuo?"

"Ishirini."

"Sijauliza kitabu. Nauliza mikono."

Asmaa aliitazama mikono yake. "Wawili."

"Na ambu umeishika mara ngapi?"

"Sijawahi."

Verediana hakufoka. Asmaa alisema baadaye kwamba angefoka ingekuwa nafuu. Alifungua kabati, akatoa mdoli wa plastiki wenye ukubwa wa mtoto mchanga, akamlaza mezani. Akaweka ambu pembeni.

"Sikiliza. Mtoto akitoka halii, una dakika moja. Siyo ya kuita watu. Ni ya kufanya kazi. Humning'inizi, humpigi, humwagii maji. Unamkausha mwili wote kwa kitambaa kikavu, unamsugua mgongo. Kile kitambaa kilicholowa unakitupa, unamfunika na kingine kikavu, maana baridi inaua. Kama ana uchafu mdomoni unautoa. Bado hapumui? Unamweka hapa, unampulizia hewa. Dakika moja haijaisha. Haya, fanya."

Asmaa akaminya. Hewa ikatoka pembeni kwa sauti ya kuzomea. Kifua cha mdoli hakikuinuka.

"Umemkunja shingo. Kidevu kimegusa kifua, njia imefunga. Kiinue kichwa kidogo. Kidogo, siyo hivyo, huyo siyo jogoo wa kuchinjwa. Sasa bana kifuniko usoni. Tazama kifua, usinitazame mimi."

Akaminya tena, na tena. Kwa mara ya ishirini na mbili, kifua cha mdoli kikapanda.

"Umeona?" Verediana alisema. "Hicho kitu hakisomwi. Mkono unajifunza peke yake. Kwanza kwenye mdoli, mpaka mkono usitetemeke. Halafu unamtazama anayejua. Halafu unafanya yeye akiwa ameweka mkono wake juu ya wako. Halafu unafanya peke yako yeye akikuangalia. Ndipo saini. Saini inawekwa pale pale kitandani, damu ikiwa bado kwenye glovu. Ya Ijumaa hiyo siyo saini."

Asmaa alilia. Akasema anaacha chuo.

"Acha," Verediana alisema. "Utalala vizuri? Na wale wenzako thelathini na tisa, nao wataacha?" Alimrudisha mdoli kabatini. "Jambo lingine, ukalipeleke nyumbani. Hata mimi, na miaka yangu yote hii, siwezi kuzalisha vizuri nyumbani kwenu. Pale sina ambu, sina dawa ya kuzuia damu, sina mwenzangu wa kunisaidia wakiwa wagonjwa wawili, mama na mtoto. Muuguzi akiwa ndani ya nyumba, kazi yake ni kuwa wa kwanza kusema twende."

Kisha akachukua kalamu nyekundu mfukoni, akamwekea juu ya meza.

Asmaa alirudi nyumbani na kile kitabu. Alikaa chini mbele ya baba yake. Alipiga mstari mwekundu juu ya kila saini ambayo mkono wake haukuifanyia kazi. Kumi na nane za kuzalisha, na ile moja ya mtoto asiyepumua. Kumi na tisa. Bi Jaha alitoka nje akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

Mzee Nasri alivaa miwani. Kidole chake kikashuka tena, mstari hadi mstari. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Mimi ndiye niliyekisoma kwa sauti," alisema.

Mbeya, Asmaa hakukitia kitabu kwenye kiroba. Alikipeleka mwenyewe. Mkufunzi alikifungua, akaiona mistari myekundu, akakaa nacho muda mrefu. Alimwambia kwamba mwaka ule hatamaliza na wenzake. Asmaa akasema anajua. Mkufunzi akainuka akafunga mlango. Akasema yeye ameomba wakufunzi wengine wawili kwa miaka mitatu. Ameomba midoli. Barua zake ziko kwenye droo ya mtu. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, na baada ya hapo akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

Darasani walimtoa kwenye grupu la WhatsApp siku ile ile. Walimpa jina, wakamwita Shahidi. Waliogopa chuo kikianza kuuliza kitabu kimoja, kitauliza arobaini. Isakwisa peke yake alimfuata, jioni, getini.

"Umetuua, dada," alisema.

"Mimi nimemuua mmoja, kaka Isa. Namjua na kaburi lake. Nyie bado hamjui wenu."

Isakwisa alisimama pale na kiroba kitupu mkononi. Ijumaa iliyofuata alikibeba kama kawaida.

Arobaini kasoro mmoja walihitimu. Walipiga picha na kofia. Wazazi wao walipika.

Asmaa alipelekwa hospitali moja mkoani Iringa kurudia mazoezi yake. Kule upepo wa asubuhi unakata masikio, na maji ya bomba yanauma vidole. Mkufunzi wa pale aliwachukua wanafunzi wanne wanne, siyo arobaini. Aliwaweka kwenye mdoli wiki nzima. Aliwakataza kugusa kalamu kabla hawajagusa mgonjwa. Asmaa alizalisha wa tatu, wa nne, wa tano. Kila saini iliwekwa kitandani.

Mwezi wa nne, mkulima mmoja wa viazi aitwaye Frida alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alitoka amelegea. Hakulia.

Asmaa alimkausha. Alimsugua mgongo, akatupa kitambaa kilicholowa, akamfunika kwa kikavu. Bado. Akamlaza mezani, akakiinua kichwa kidogo, kidogo tu, akabana kifuniko, akaminya. Hakumtazama mkufunzi. Alitazama kifua. Kikapanda. Akaminya mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano mtoto akakunja uso, akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa.

"Ni mzima?" Frida aliuliza.

"Ni mzima, mama."

Frida hakujua kilichopita. Alimpokea mtoto wake, akalalamika baridi. Asmaa alitoka nje akashika ukuta. Kwa mtoto wa Nusrat, kazi nzima ilikuwa hiyo hiyo. Mikono, kitambaa kikavu, kifaa cha mpira, dakika moja.

Alimaliza chuo mwaka mmoja baadaye, na saini kumi na tisa za kweli. Hakuna aliyempikia pilau.

Nusrat alipata mimba nyingine. Safari hii Bi Jaha mwenyewe alifunga begi, na uchungu ulipoanza alikuwa wa kwanza kupanda bajaji. Mtoto alizaliwa kituoni, mikononi mwa Verediana, akalia hadi nje wakasikia. Asmaa alikuwa likizo. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Hakuitwa ndani. Alipopita na mtoto kuelekea bajaji, Nusrat alisimama kidogo, akamtazama, akapita.

Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Mmoja alijifunza, na aliyelipa siye yeye.

Sasa nakuuliza wewe wa chupa ya chai. Wale thelathini na tisa wako wapi? Mimi sijui. Najua wana vyeti. Huenda mmoja wao yuko kwenye kituo atakachokwenda binti yako mwezi ujao, na usiku huu analala akiomba kila mtoto alie mwenyewe.

Usiende kumtukana. Alifanywa hivyo, na wewe ukiwa unatazama. Kama una mtoto chuo cha uuguzi, mpigie sasa. Usimuulize kitabu kina saini ngapi. Muulize mikono yako imefanya mangapi, kisha nyamaza, subiri jibu, na akikwambia mawili usimpigie kelele. Mshike mkono, muende pamoja kwa mkuu wa chuo. Kama una mjamzito nyumbani, funga begi lake leo, hata kama nyumba yako imejaa manesi. Kama umo kwenye kamati ya kituo cha afya, usikubali kikao kifungwe kabla hujauliza ambu iko wapi, na nani ameishika wiki hii. Na kama wewe ndiye mwenye ile droo yenye barua za yule mkufunzi, ifungue.

Inuka, nenda. Chai yako utaikuta.